Flashi ya Mama Eunice na Kompyuta ya Ramani

Benchi la Malam Habu lina miguu mitatu na tofali moja, na linatazamana uso kwa uso na geti la ofisi ya ardhi, kiasi kwamba ukikaa pale tangu asubuhi unajua nani kachelewa kazini, nani kaingia na bahasha nene akatoka mikono mitupu, na nani anatembea kama mtu aliyenyimwa saini. Malam ni mtu wa Kano, hapa Ibadan ana miaka ishirini. Anauza kahawa ya mkebe kwa maziwa mazito, mkate na mayai ya kukaanga, na hana haraka na mtu. Jumanne hiyo tulikuwa tumeshakasirika kabla maji yake hayajachemka. Saa tatu asubuhi, siku ya kazi, Adeyanju alikuwa amekaa katikati yetu. Adeyanju ni karani wa masijala ya ramani. Sisi tunamwita Faili, maana hata ukimuuliza habari za nyumbani anakujibu kama anakusomea kumbukumbu namba. Katika miaka kumi na tisa ya ajira yake hakuna aliyewahi kumwona nje ya lile geti saa za kazi. Leo alikuwa nje, na mapajani ana barua.

— Soma tena, akasema Baba Rufaa. Soma polepole. Nilivyosikia "kinyume na utaratibu" damu ilinipanda kichwani, sikusikia kilichofuata.

Baba Rufaa ni karani mstaafu wa mahakama. Akishindwa hoja anasema atakata rufaa, na hajawahi kushinda hoja.

Faili akasoma, sauti kavu kama ya redio:

— "Unatakiwa ueleze kwa maandishi, kabla ya saa sita mchana wa leo, kwa nini ulichomeka flashi ya kigeni kwenye kompyuta ya ramani kinyume na utaratibu wa ofisi, ukaingiza virusi, na kusababisha kupotea kwa ramani za viwanja elfu nne na mia mbili. Usipotoa maelezo ya kuridhisha, utaachishwa kazi."

— Utaratibu! Mama Stempu akapiga paja. Utaratibu gani? Tangu lini ile ofisi ikawa na utaratibu? Nani aliuandika?

— Mimi, akasema Faili.

Mama Stempu ana kibanda ubavuni mwa ukuta wa ofisi. Anauza fomu, bahasha, gundi ya karatasi, anatoa kopi. Sauti yake inasikika hadi kwenye mzunguko wa Mokola bila waya. Hapo akameza kahawa, kisha akarudi na hasira mpya.

— Uliuandika wewe, halafu unashtakiwa nao wewe?

— Ndiyo hivyo. Miaka miwili iliyopita. Nakala ninayo hapa mfukoni. Niliandika mambo matatu. Kwanza, flashi ya mtu wa nje isiguse kompyuta yoyote mpaka ipite kwenye mashine moja pale mapokezi, ikaguliwe. Pili, ofisi inunue flashi zake yenyewe, zenye namba na nywila, zisainiwe zinapotoka na zinaporudi. Tatu, kompyuta ya ramani isichomekwe flashi ya aina yoyote, na nakala yake iwekwe jengo lingine, ndani ya kabati la chuma.

— Mkurugenzi akasemaje?

— Akaandika juu: "Imeonekana."

— Halafu?

— Halafu ikaonekana. Mashine ya mapokezi haikuja. Flashi zenye namba hazikuja. Kabati lilikuja, wamewekea vikombe. Lililobaki ni lile la kompyuta yangu, kwa sababu hilo halikuhitaji idhini, lilihitaji mimi nikae hapo niseme hapana. Nimesema hapana miaka miwili.

— Sasa virusi vimeingiaje? akauliza Malam, na lile yai likaanza kulia kwenye mafuta.

Hilo swali ndilo benchi lilikuwa linalisubiri. Ukitaka kuliona benchi letu katika ubora wake, liulize jambo lisilolijua.

— Hii ni kesi ya Ajasa, akasema Baba Rufaa, kidole juu. Ile familia ilipoteza kile kiwanja cha kule Moniya, mkumbuke. Niliwaona mahakamani kwa macho yangu, mkubwa wao akasema, "Ramani hiyo mtaitafuta." Mtu akikwambia ramani utaitafuta, na leo ramani inatafutwa, unataka ushahidi gani tena? Wamelipa mtu.

— Kesi ya Ajasa ni ya mwaka ule tuliokuwa tunalipia kopi kwa shilingi ya mkoloni! Mama Stempu akamjia juu. Mkubwa wao mwenyewe alishakufa!

— Ameacha watoto.

— Baba, acha. Mimi nawaambia jambo la kibiashara. Kuna watu wanauza kompyuta. Kompyuta zikipona, watauza nini? Wanatengeneza ugonjwa, halafu wanaleta dawa, halafu wanasema dawa haifanyi kazi kwenye mashine kuukuu, nunua mpya. Mimi mwenyewe mashine yangu ya kopi iliharibika siku moja baada ya fundi kuikagua!

— Ninyi wote mnapapasa gizani, akasema Injinia.

Injinia ni Kamoru, fundi simu wa pale kona. Ana miwani ya kukuzia vitu na anaivaa hata akila, ili tujue ni fundi. Asubuhi hiyo alikuwa amekaa mwisho wa benchi, upande wa tofali, na aliongea haraka kuliko siku zote.

— Virusi vya siku hizi haviji kwa flashi. Hayo ya zamani. Vinakuja kwa umeme. Umeme ukikatika, waya unabaki mtupu. Waya mtupu ni kama bomba tupu, kitu chochote kinaingia. Ukirudi kwa kishindo, unasukuma vile vitu moja kwa moja ndani ya kompyuta. Na juzi umeme ulikatika mara ngapi?

— Mara saba, akasema Malam.

— Mara saba! Umeona, kaka Faili? Andika hivyo. Andika: ni umeme. Hapo huna kosa, Mkurugenzi hana kosa, hakuna mtu ana kosa. Shirika la umeme limezoea kutukanwa, haliumii.

— Kwa hiyo na simu yangu ikichajiwa inaingia virusi? nikamuuliza.

— Yako, Kipaza? Yako virusi vyenyewe vinaogopa kuingia.

Kipaza ndiye mimi. Nashika kipaza sauti kwenye sherehe na mazishi. Nikikutajia ukoo wako mbele za watu utanitunza pesa hata kama hukuja na kitu. Nilicheka, kwa sababu ilikuwa tusi zuri. Faili hakucheka. Baba Rufaa alipoona nafasi akaongeza lake, macho yamemtoka:

— Au tuseme ukweli unaoogopwa. Marehemu mama wa Mkurugenzi alikuwa na kiwanja cha mumewe kule Eleyele, ndugu wakakigawana yeye akaachwa. Hata wiki mbili hazijapita tangu azikwe. Nani anajua? Huenda Mama mwenyewe kaingia mle ndani ya ramani anakitafuta kiwanja chake, anafungua moja anaitupa, anafungua nyingine anaitupa...

— Baba!

— Nasema tu huenda! Mtu wa miaka tisini na moja haoni vizuri, lazima atachafua.

Tukacheka mpaka tofali likasogea. Faili akakunja barua mara mbili, akaikunjua.

— Mnacheka, akasema. Lakini Baba kakaribia kuliko wote.



Kabla hajaendelea, mwanamke mmoja alitoka getini akitukana. Mlinzi alikuwa amemnyang'anya rangi ya mdomo. Mama Stempu akamwita aje anywe kahawa; akakataa, akaondoka anatukana vilevile, tukamsikia mpaka kona.

— Mmesoma tangazo pale getini? Mama Stempu akatuuliza. Nimelisoma mara nne, kila nikilisoma nataka kumpiga mtu. "Kuanzia leo ni marufuku kuingia na flashi, memori, waya, na kifaa chochote chenye umbo la flashi." Umbo la flashi! Mlinzi wa watu kasoma darasa la nne, unamwambia umbo la flashi! Tangu asubuhi kakusanya vifuniko vya kalamu, filimbi ya mwalimu, rangi za mdomo. Kuna mzee kanyang'anywa dawa yake ya pumu, kwa sababu ina kifuniko na unaifinya!

— Wamemrudishia?

— Wamemrudishia alipoanza kukohoa.

— Na kwa nini tangazo limeandikwa kwa mkono? akauliza Baba Rufaa. Mahakamani lingekataliwa hilo.

Faili ndiye aliyejibu.

— Kwa sababu hakuna kompyuta ya kuliandikia. Jana jioni Mkurugenzi alimpa tarishi supaglu, akamwambia, "Ziba matundu yote ya kuchomekea flashi, kila kompyuta, nisione tundu." Tarishi ni mtu mtiifu. Kaziba yote. Sasa niambieni, kibodi inachomekwa wapi? Mausi inachomekwa wapi?

Mama Stempu akashika kichwa kwa mikono miwili.

— Kumi na moja, akasema Faili. Kompyuta kumi na moja. Zinawaka vizuri kabisa. Unakaa, unaziangalia, nazo zinakuangalia.

— Na ya Mkurugenzi?

— Ya Mkurugenzi ni nzima, ila haiguswi na mtu mwingine. Supaglu iliisha mlangoni kwake.

Mama Stempu alisimama, akakaa, akasimama tena. Nilimwona anatafuta kitu cha kutupa. Malam naye alimwona, akavuta vikombe karibu yake.

— Hebu sema, Adeyanju, akasema Mama Stempu, na alipomwita jina lake la kweli sote tukajiweka sawa. Nani aliingiza nini wapi? Wewe unajua. Acha kukunja hiyo karatasi.

Faili akaweka kikombe chini ya benchi, kwa uangalifu, kama kinatakiwa kusainiwa.

— Mlikuwepo kwenye mazishi ya mama wa Mkurugenzi, wote. Mlipewa mfuko.

Tulikuwepo. Nani angekosa? Bendi mbili, hema sita, wafanyakazi wote wa ofisi ya ardhi wameshonewa sare ya zambarau, watake wasitake. Na kila mtu aliyetoka pale alitoka na mfuko wa zawadi: bakuli la plastiki lenye picha ya marehemu, Mama Eunice, taulo lenye picha ya Mama Eunice, na flashi. Flashi ilikuwa na umbo la moyo. Upande mmoja Mama Eunice kafunga kilemba, anatabasamu. Upande wa pili tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa. Ndani yake filamu ya maisha yake. Mimi ndiye niliyeitangaza, na nilitunzwa vizuri. Nilisema kwenye kipaza sauti, Mwenyezi Mungu anisamehe, "Mama hajatuacha! Mama ataingia kila nyumba, ataingia kila ofisi!" Watu mia sita wakapiga makofi.

— Jumatatu iliyofuata, Faili akaendelea, Mkurugenzi alipita meza hadi meza. Anauliza, "Mmemwona Mama?" Sasa nani ana kompyuta nyumbani? Wote wakachomeka pale pale ofisini. Angesema nani kwamba hajamwona? Kompyuta kumi zinaonyesha mazishi kwa wakati mmoja, kila moja imefika mahali pake, huku wanashusha jeneza, huku wanakula wali. Wateja wamejipanga nje. Akafika kwangu.

— Wewe ukasema hapana, akasema Baba Rufaa.

— Nikasema, "Mkurugenzi, hii ya ramani haichomekwi kitu, nitaangalia kwa mwenzangu." Akasema sawa. Akaenda, akarudi. "Umemwona?" Nikasema mwenzangu anaitumia, nitaangalia mchana. Mchana akarudi mara ya tatu. Akasimama nyuma ya kiti changu, kaweka mkono hapa begani. Hakupiga kelele. Akasema polepole, ili watu wote wasikie, "Adeyanju, mama yangu ana uchafu gani, asiingie kwenye kompyuta yako?"

Mayai ya mtu yalikuwa yanaungua na Malam hakuyageuza.

— Mtaniambia mngefanya nini. Mimi nilichomeka. Filamu ya dakika arobaini. Tulitazama wote wawili, yeye kasimama. Alilia. Alinishukuru. Ijumaa nikafungua ramani ya kwanza, ukurasa mweupe, na mstari wa alama za kuulizia. Ya pili vilevile. Nikazifungua mpaka usiku, nikijua kabisa zote ni vilevile. Mtu amepima kiwanja chake kwa kamba akiwa kijana, kimekuwa alama za kuulizia!

Hapo alipaza sauti. Nimemjua Faili miaka kumi na tisa, sikujua kama ana sauti. Watu waliokuwa wanapita upande wa pili wa barabara waligeuka.

— Na yeye ananiandikia "flashi ya kigeni"! Ya kigeni! Inafanana naye pua!

— Mshenzi, akasema Mama Stempu.

— Mshenzi kabisa, akasema Baba Rufaa. Naomba iingie kwenye kumbukumbu.

— Ngoja kwanza. Mama Stempu alikuwa ameinua mkono, macho yamesinyaa. Ngojeni. Flashi mia sita. Mama Eunice hakujiingiza mwenyewe mle ndani. Nani alizijaza ile filamu?

Injinia aliomba chumvi.

— Yai lako lina chumvi, akasema Malam.

— Injinia!

— Kila mtu anatafuta riziki, Mama.

— Kamoru! Nani alizijaza?

Akavua ile miwani. Bila miwani alionekana kama mtu aliyeamshwa.

— Nilipewa siku mbili. Flashi mia sita, siku mbili! Nilikuwa nachomeka nne nne.

— Kwenye mashine ipi?

— Laptopu yangu ya kazi.

— Ile unayochomekea simu za watu wote wa mji huu? Simu za wanafunzi, za madereva, za yule jamaa wa filamu za aibu?

— Ina programu ya kuua virusi! Nilinunua kwa haki!

— Sasa ilikuwa wapi?

Injinia akaangalia chini.

— Niliizima. Jamani, ilikuwa inanichelewesha! Kila nikichomeka nne inasimama inakagua, kila flashi inanipigia mlio, inaniandikia kwa rangi nyekundu, hatari, hatari. Nikasema, hatari gani, huyu ni bibi wa watu wa miaka tisini na moja! Nikaizima, nikamaliza kwa wakati. Mkurugenzi mwenyewe alinisifu.

— Na umeme uliotuambia? nikamuuliza.

— Umeme nao ulikatika, Kipaza. Hilo sikudanganya.

Mama Stempu alimrushia kipande cha mkate. Kikampata. Baba Rufaa, badala ya kukasirika, uso ulimng'aa kama mtu aliyepandishwa cheo akiwa ameshastaafu.

— Kesi imekwisha! akasema. Mnaona? Chanzo tunacho, njia tunayo, amri ya bosi tunayo, shahidi tunaye hapa anakula yai. Adeyanju, mwanangu, andika. Ila usiandike jina la marehemu. Andika kwa busara. Andika, "kifaa kisichojulikana."

— Kisichojulikana? Faili akamgeukia. Baba, kina uso! Kina jina! Kina tarehe ya kuzaliwa na ya kufa! Kuna kitu gani ofisini pale kinachojulikana kuliko hicho? Mimi mwenyewe picha yangu ya kitambulisho imefutika!

— Basi andika "zawadi."

— Nikiandika "zawadi" bila kusema ya nani, nimesema nimeokota zawadi mahali nikaichomeka kwenye kompyuta ya ramani. Nafukuzwa saa sita na dakika moja. Miaka kumi na tisa. Nina watoto watatu shuleni. Nikiandika ya nani, nimesema mama yake ndiye aliyeua ofisi. Nafukuzwa vilevile, na juu yake naitwa mtu aliyemtukana maiti.

— Hapana! Mama Stempu akasema. Hapana na hapana! Huo ndio ujinga wetu, kila kitu tunafunika kitambaa. Kama bakuli lake lingetiwa sumu tungesema ni bakuli. Andika ukweli wote! Mwanamke wa watu hana kosa, amelala zake. Mwenye kosa ni aliyekusimamia nyuma ya kiti! Andika, na sisi tupo!

— Tupo! akasema Baba Rufaa. Mimi nimeandika hati za majaji kumi na wawili. Nitasimama nieleze kifungu kwa kifungu.

— Hata mimi, akasema Injinia, kwa sababu Mama Stempu alikuwa anamtazama. Nitasema niliizima. Atanifanya nini?

— Na mimi nitasema nilichotangaza, nikasema, na nilikisema kwa sauti ile ya jukwaani, kwa sababu nyingine sina. Haiwezekani! Mtu mmoja abebe mazishi ya watu mia sita?

Malam alipiga kijiko kwenye sufuria. Tulikuwa tunawaka. Nakwambia, kama Mkurugenzi angetokea getini dakika ile angerudi ndani akimbie kwa dirisha. Mama Stempu alimtaja kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Baba Rufaa aliyatafsiri kwa lugha ya mahakama yakawa mabaya zaidi. Tulimkumbusha Faili kabati la vikombe, tukamkumbusha supaglu, tukamkumbusha ule mkono begani. Tulimtia moto mpaka akatoa kalamu. Malam akampa ubao wa kukatia mkate autumie kama meza, akaupangusa kwanza.

Aliandika taratibu. Mwandiko wa Faili ni wa zile enzi ambazo mtu alichapwa kwa herufi kupinda. Alipomaliza akatusomea, na sauti haikuwa ya redio tena:

— "Mkurugenzi, flashi ilikuwa ya mazishi ya mama yako. Niliikataa mara mbili. Mara ya tatu uliniamuru mbele ya watu, nikaichomeka. Kosa langu ni hiyo mara ya tatu, na nalikubali. Ziba tundu moja tu, la kompyuta ya ramani, na mengine uyafungue watu wafanye kazi. Nunua mashine ya kukagulia flashi. Weka nakala. Barua yangu ya miaka miwili iliyopita nimeiambatisha."

— Hiyo ndiyo, akasema Mama Stempu, akajifuta jicho kwa ncha ya kilemba. Hiyo ndiyo yenyewe.

— Saa ngapi sasa? akauliza Faili.

Ilikuwa saa sita kasoro dakika ishirini.

Hapo akaja fundi muashi mmoja, jina lake Lasisi, miguu imekauka saruji mpaka magotini. Hakuwa mtu wa benchi letu. Alisimama pembeni ya Malam, akaagiza mkate bila kahawa, akatueleza haraka haraka kama mtu aliyeacha kazi inamsubiri: anajenga ukuta kule Apete, jirani kamjia na panga anadai ukuta umemwingilia hatua tatu, na vibarua wamekaa chini, saruji inakauka. Alikuja kuchukua ramani ili amwonyeshe jirani mpaka. Mlinzi kamwambia ramani hazipo, asubiri Mkurugenzi.

— Mkurugenzi yupo? akatuuliza.

— Yupo! akasema Baba Rufaa. Na leo atakiona cha mtema kuni. Barua hii hapa. Tumemaliza kuizungumza sasa hivi.

— Kumbe mnakwenda kumwona? Afadhali nimewakuta. Akafunga mkate wake kwenye gazeti, akajipangusa mikono. Mnakwenda wangapi? Nijue nipange foleni nyuma ya nani.

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ametuuliza kama mtu anavyouliza foleni yoyote, na akatulia kusubiri jibu.

Mama Stempu alitazama kibanda chake. Kibanda kipo ndani ya uzio wa ofisi kwa hatua mbili, kwa hisani ya Mkurugenzi, na kila Januari hisani inaombwa upya. Akasema kuna mteja anamwita. Hapakuwa na mteja.

Baba Rufaa akaanza kutafuta fimbo yake. Ramani ya nyumba ya mwanawe ipo mezani pale pale kwa Mkurugenzi tangu mwaka jana, inangoja saini. Fimbo alikuwa ameishika.

Injinia alivaa miwani, akainama juu ya yai lililobaki, akalichunguza kama lina tatizo la spika.

Mimi? Mkurugenzi anaozesha binti yake mwezi ujao, na sherehe ni ya siku mbili. Ameshaniita. Nilikuwa nimekaa karibu na Faili kuliko wote, bega kwa bega. Nilijisogeza kidogo apate nafasi ya kuinuka.

Faili hakumtazama yeyote. Alikuwa anapulizia wino ukauke. Kisha akaikunja barua mara moja tu, akamrudishia Malam ubao wake, akamshukuru.

— Mmoja, akamwambia Lasisi. Panga nyuma yangu.

Wakavuka barabara, yeye mbele, fundi nyuma na mkate wake kwapani. Lango likafunguliwa, likafungwa.

Tulikaa. Pikipiki zilipita nyingi. Nilijaribu kutafuta neno la kusema, mimi ninayelipwa kwa maneno, nikapata la kuchekesha, nikaliacha.

Malam Habu akanyanyua birika, akauliza nani anaongezewa.

Hilo tulilijibu, wote, kwa pamoja.